Anayekupa Mgongo Naye Ni Msikilizaji

(Hotuba niliyoitoa kwa wanamuziki wa bendi, Tabora mjini. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu wa Nzega, Urambo na Kigoma ambao hawakuweza kufika.)

Mwangaluka!

Mbona mnaitikia kinyonge? Mwangaluka!

Haya, sasa nawasikia. Wazee wetu wa bendi mlioketi mbele, shikamooni. Wadogo zangu waimbaji, wapiga magitaa, wapiga tumba, mafundi mitambo, poleni na kazi ya jana. Najua wengine mmeshuka jukwaani alfajiri, mmelala kidogo, mmekuja. Ndiyo maana tumechagua Jumatatu, maana siku nyingine kumpata mpiga besi asubuhi ni kazi. Wenye baa na mameneja mliokubali mwaliko, asanteni sana. Yenu ninayo, nitayasema mwishoni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo tunalilalamikia kila tunapokutana: watu hawasikilizi. Unaimba, wao wanapiga soga. Unamaliza wimbo ulioufanyia mazoezi mwezi mzima, hupati hata kofi moja. Huyu anatazama simu, yule anatazama mpira, mwingine amekupa mgongo kabisa, anagombana na mhudumu juu ya chenji. Unashuka umevunjika moyo, unasema, "Watu wa Tabora hawapendi muziki."

Ndugu zangu, kweli? Tabora haipendi muziki?

Tabora hii ndiyo iliyoilea Kiko Kids ya Salum Zahoro tangu miaka ya 1950. Tabora hii ndiyo ya Nyanyembe Jazz. Tabora hii ndiyo ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, walikoimba kina Shem Karenga, mtu wa Kigoma, aliyekuwa kwanza na Lake Tanganyika Jazz kule mwisho wa reli. Mji usiopenda muziki ungezilisha bendi hizo kwa nini?

Mimi naimba baa. Sijawahi kuwa na kazi nyingine, na sijawahi kuitamani. Nilichokuja kukisema ni hiki: yule mtu wa baa hana deni na wewe. Amelipia bia yake, hajalipia ukimya wake. Lakini anakusikia. Hata aliyekupa mgongo anakusikia. Ukilishika hilo, utaimba kwa namna nyingine, na hutashuka jukwaani na kinyongo.

Nianze mbali kidogo. Wangapi hapa mmekulia Igunga au Nzega, karibu na ndugu zetu Wasukuma? Nyoosheni mikono. Basi mnazijua ngoma za mashindano, Bagika na Bagalu. Uwanja ni mmoja, makundi ni mawili, na yote mawili yanapiga kwa wakati mmoja. Hakuna kiti, hakuna tiketi, hakuna wa kukuambia usimame wapi. Watu wanakimbilia huku, wakisikia kelele upande wa pili wanahamia kule. Kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda.

Hebu jiulizeni. Mchezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe, akiona watu wanamkimbia, anafanya nini? Anasimama na kuwatukana kwamba hawajui ngoma? Hapana. Anarusha jembe juu na kulidaka. Kiongozi anabadilisha wimbo, anamwona mtu fulani amesimama pembeni, anamtaja kwa jina la ukoo wake, na yule mtu hawezi kuondoka tena. Wengine walifika mpaka kucheza na chatu. Miguu ya watazamaji ilikuwa huru, na wazee waliona ni haki iwe hivyo. Huu ndio msingi wetu. Sisi ni wajukuu wa watu waliopiga ngoma mbele ya watu walio huru kuondoka, na wao hawakuona kwamba wamedharauliwa.

Kisha ukaja muziki wa dansi. Hapa vijana mnajilinganisha na wazee kwa namna isiyo ya haki kwenu. Mnaambiwa zamani ukumbi ulikuwa unajaa, watu wanasikiliza. Ni kweli. Lakini zamani watu walilipa kiingilio mlangoni! Aliyelipa kuiona bendi amekuja kwa ajili ya bendi. Leo wengi wetu tunapiga kwenye baa isiyo na kiingilio, kwa mtu aliyekuja kula nyama, kukutana na shemeji yake, au kukaa tu apumzike na joto. Hao ni watu wawili tofauti, na ukitaka wa leo akutazame kama alivyotazamwa Mbaraka Mwinshehe utajiumiza bure.

Na hata zamani, wazee wangu mnisahihishe kama nakosea, watu hawakuwa wanacheza usiku kucha. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza maneno, taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake. Halafu magitaa yanachangamka, solo na rizimu zinajibizana, na hapo ndipo watu wanainuka. Kwenye maneno walikaa. Walikaa! Mzee ana glasi yake, kichwa kimeinama, hapigi kofi, hatikisiki. Mgeni angedhani amesinzia. Kumbe kila neno analichukua, na kesho yake atalirudia nyumbani. Mzee pale mbele anaitikia kwa kichwa, asante mzee wangu. Basi kwa nini leo tukimwona mtu amekaa kimya tunasema ametupuuza?

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo tunapoharibu zaidi.

Mnajua tunavyofanya tukiona watu wanaongea. Kiongozi anamkonyeza fundi mitambo: ongeza. Fundi anaongeza. Watu wanapaza sauti. Kiongozi anakonyeza tena. Ikifika saa nne usiku, mtu hamsikii mwenzake aliyekaa naye meza moja, mwimbaji koo limekauka, na bado hakuna anayesikiliza. Sivyo?

Kuna daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, aliyelieleza jambo hili mwaka 1911. Mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake mwenyewe bila kujijua. Hakukusudia, ni mwili tu ulivyo. Kwa hiyo ukiongeza, wanaongeza. Ukiongeza tena, nao wanaongeza tena. Hutashinda.

Tulipiga katika baa moja ya hapa mjini, sitaitaja. Paa la bati lisilo na dari, sakafu ya saruji, kuta tupu. Sauti ikitoka inagonga bati, inarudi, inagonga ukuta, inarudi. Besi ilikuwa inavuma mpaka maneno yangu yakawa kama nimefunga kitambaa mdomoni. Fundi wetu, kijana mtulivu sana, hakugusa sauti yangu. Alishusha besi. Akashusha tumba. Akazitoa spika kwenye kona, akaziinua kwenye stendi zikawa juu ya vichwa vya waliokaa, akazielekeza katikati ya meza badala ya ukutani. Zikapita nyimbo mbili hivi. Ile kelele ya baa ikaanza kushuka yenyewe, meza kwa meza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Walishuka kwa sababu hawakuwa na haja tena ya kupiga kelele, na waliposhuka, maneno yakaanza kuwafikia.

Mafundi mitambo, ninyi ni wanamuziki. Nasema mbele ya viongozi wa bendi wasikie. Bendi inayomlipa fundi wake kama mbeba vyombo inajinyima nusu ya muziki wake. Na masikio yenu ni riziki yenu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi za muziki wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Aliyelala akasikia masikio yanalia mpaka asubuhi, hiyo ni dalili, asiichukulie kama jambo la kawaida la kazi.

Lingine ni wakati. Januari 12, 2007, mpiga fidla wa Marekani anayeitwa Joshua Bell, mtu ambaye kumbi kubwa hujaa kwa ajili yake, alisimama kwenye kituo cha treni mjini Washington amevaa kofia kama mtu yeyote, akapiga kwa dakika 43. Fidla yake ni Stradivarius ya mwaka 1713, kazi ya fundi maarufu wa Italia, ya thamani kubwa mno. Gazeti la Washington Post ndilo lililoandaa jaribio hilo. Walipita watu 1,097. Waliosimama angalau dakika moja kumsikiliza walikuwa 7. Alichotupiwa kilikuwa dola 32 na senti.

Watu husimulia kisa hiki kuwalaumu waliopita. Mimi siwalaumu hata kidogo. Ilikuwa karibu saa mbili asubuhi, wanawahi kazini. Twendeni stesheni yetu hapa, treni ya Kigoma inaingia. Mama ana mtoto mgongoni, ana ndoo ya asali mkononi, anatafuta behewa lake. Apigiwe na nani ndipo asimame? Lakini stesheni hiyo hiyo, treni ikichelewa, abiria wamekaa juu ya mizigo yao, atokee mzee na zeze lake. Yule yule mama atasikiliza mpaka wimbo wa mwisho, na atatoa chochote. Sikio ni lile lile. Wakati ndio uliobadilika.

Sasa nani kati yenu amewahi kupangiwa kupiga siku ya Simba na Yanga? Mnacheka! Basi mnajua.

Sisi tulipangiwa. Runinga iko juu ya vichwa vyetu, yaani watu wote wanatutazama na hakuna anayetuona. Mpiga drams wetu damu inachemka, anataka tuwapigie kwa nguvu. Kiongozi wetu, mtu mzima, mpiga besi, akasema hapana. Wakati wa mpira tunapiga magitaa matupu, chini kabisa, bila mwimbaji. Mapumziko yana dakika 15, hizo ni zetu. Filimbi ikapulizwa, na kabla watu hawajageuka kuagiza, nikaingia na wimbo ambao kiitikio chake kila mtu anakijua. Nyimbo mbili, basi. Mpira ukarudi, tukarudi chini.

Mpira ulipokwisha, nusu ya baa inaruka juu ya viti, nusu imenuna. Mngefanya nini hapo? Ukipiga wimbo wa shangwe, umechagua upande. Ukipiga wa huzuni, umewaudhi walioshinda. Kiongozi akaanzisha mwendo wa wastani, gitaa la rizimu mbele, hakuna maneno kabisa. Wenye furaha wakapata cha kuchezea. Waliofungwa wakapata cha kunywea. Tukakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida, tukiwatazama. Aliponipa ishara ya kuimba, watu wa jezi mbili tofauti walikuwa wamekwisha kuwa kwenye meza moja. Si wote. Wapo walioondoka na hasira zao, niliwaona wakitoka, na hao hakuna bendi ingewazuia. Lakini waliobaki, walibaki na sisi.

Angalieni kiongozi yule alifanya nini. Aliisoma baa kabla ya kuamua wimbo. Bendi nyingi zinapanda na orodha iliyoandikwa nyumbani, na zinaifuata namba moja hadi ya mwisho hata kama mbele yao kuna watu waliotoka mazishini. Orodha iwe nayo, lakini macho yawe kwa watu. Msimu wa masoko ya tumbaku, mkulima wa Kaliua au Sikonge ana hela mfukoni na kiu ya mwaka mzima, huyo anataka kuinuka mapema. Masika, mtu huyo huyo anahesabu shilingi, bia moja ataikalia saa mbili. Huyo mpe maneno. Ana muda nayo.

Na mkitaka kujua kama mnasikilizwa, msiulize makofi. Waulizeni wahudumu.

Nasema hivi kwa uzito wote. Hakuna anayewajua wasikilizaji wetu kama dada anayebeba sinia. Sisi tuko mbele na taa machoni, yeye anapita kati ya meza. Mhudumu mmoja aliniambia, "Dada, ukiimba ule wa taratibu, ile meza ya kona wananyamaza. Nikipeleka bia, wananionyesha kwa mkono tu niziweke." Meza ya kona! Meza ile tangu tulipoanza kupiga pale nilikuwa naona migongo. Migongo mitupu. Kumbe walikuwa wamegeukia ukuta, wamegeuza na masikio kwetu. Tangu siku hiyo, kila tunapomaliza, kabla sijala, nakwenda kaunta naongea na wahudumu. Wimbo upi watu waliuliza jina lake? Nani aliuliza tutarudi lini? Wakati gani watu waliomba bili? Wanakumbuka yote, na hakuna anayewauliza.

Wadogo zangu wa kike, sasa nawageukia ninyi, na hapa sitakwenda haraka.

Mteja wa baa asiyekusikiliza si tatizo lako kubwa. Tatizo ni yule anayedhani kwa kuwa unaimba baa, na wewe uko kwenye orodha ya vinywaji. Anapanda jukwaani kukutunza, noti iko mkono mmoja, na ule mwingine unatafuta mahali pa kushika. Sisi tuna utaratibu. Kapu linakaa mbele ya jukwaa. Kiongozi anatangaza mapema, kwa heshima na kwa sauti ya furaha, kwamba bendi inatunzwa kwenye kapu. Hela ni ya bendi nzima, inagawanywa usiku huo huo mbele ya wote. Kwa hiyo hakuna anayepata kisa cha kupanda, na hakuna mwimbaji anayelazimika kuvumilia mkono kwa sababu ya elfu kumi.

Mlevi anayetaka kuimba ni suala jingine, na huyo mara nyingi ana moyo mzuri. Alinijia mmoja, akaishika maiki na haiachii. Analia, anataka wimbo aliokuwa anaupenda marehemu mama yake. Kumnyang'anya ni ugomvi. Nikamuuliza jina. Nikamwambia, "Kaka, wimbo nitauimba. Wewe kaa pale, nikifika kwenye kiitikio nitakunyooshea mkono, uniitikie." Akakaa. Nikamnyooshea mkono, akaitikia, na meza yake yote ikaitikia naye. Hakuinuka tena mpaka mwisho.

Lakini anayeshika mwili wako, huyo hatuna mazungumzo naye. Bendi yetu tumekubaliana ishara. Nikiinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, muziki unasimama. Si mwimbaji peke yake. Drams, besi, magitaa, vyote, papo hapo. Nilifanya hivyo usiku mmoja, baa imejaa, watu wanapiga kelele zao, hakuna aliyekuwa anatutazama. Vyombo vikanyamaza. Ndugu zangu, vichwa vyote viligeuka! Vyote, mpaka wa kaunta, mpaka wa jikoni kwenye nyama. Yule bwana akajikuta amesimama katikati ya macho ya watu wote, akashuka mwenyewe.

Mnanielewa? Kama hawakuwa wanasikiliza, walijuaje kwamba tumenyamaza?

Nawaambia hivyo mliokata tamaa, na mliokwisha kuanza kupiga ovyo kwa kuwa "hawasikii hawa". Gitaa lisilotunwa, mnapanda nalo. Maneno mmeyasahau, mnamumunya. Wanasikia! Hawawezi kukuambia kilichoharibika, lakini wanaomba bili mapema, na wiki ijayo wanakwenda kwingine. Tazameni wale wazee walioungana katika Shikamoo Jazz miaka ya 1990, Salum Zahoro akiwa mmoja wao. Walipiga mbele ya vijana ambao hawakuwajua kabisa, vijana waliozoea muziki mwingine. Hawakupunguza ubora kwa sababu hiyo. Walipiga dansi lao kwa usafi ule ule wa ujana wao.

Wenye baa, mameneja, zamu yenu.

Nitasema bila kuficha. Yuko mwenye baa mmoja, hayumo humu, aliyekataa kutulipa fedha tuliyokubaliana kwa sababu "watu hawakucheza". Tulipiga saa zote. Kreti zilitoka. Watu walikaa mpaka usiku wa manane. Lakini hawakucheza, basi na sisi tukakosa nauli ya kurudisha vyombo. Sasa naomba kwenu mambo machache, na naomba kwa niaba ya kila aliyeketi hapa.

Jukwaa msiliweke chini ya runinga. Mtupe muda wa kupima mitambo kabla ya wateja hawajafika, tusiwapigie miluzi ya maiki watu wanaokula. Mwe na mtu wa ulinzi anayejua kwamba mwimbaji naye ni mfanyakazi wa usiku huo. Na tuandikiane: saa ya kuanza, mapumziko mangapi, malipo kiasi gani, yanalipwa saa ngapi, na inakuwaje mvua ikinyesha watu wasije. Karatasi moja tu, sahihi mbili, ya kwako na ya kiongozi wa bendi.

Nimekuja na nakala za karatasi hiyo, zipo mezani karibu na mlango. Tutakunywa chai baadaye. Kwanza ningependa kumsikia mwenye baa mmoja asimame atuambie ni kipengele gani hawezi kukikubali, na kwa nini, ili tukijadili wote tukiwa hapa hapa. Nani anaanza?